Paroko wa Ars: Padre Aliyefunga kwa Ajili ya Kijiji Chake

Kwaresima ikaribiapo, malalamiko juu ya hali ya vijiji na mitaa yetu huzidi. Wazee hulalamika kwamba vijana wameliacha kanisa. Akina mama hulalamika kwamba fedha za nyumbani huishia kilabuni. Nasi mapadre twalalamika kwamba Jumapili imekuwa siku ya gulio. Mengi ya malalamiko hayo ni ya kweli, wala hatuyadharau. Lakini ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza ni nani amefunga kwa ajili ya kijiji hicho, ni nani amekesha, ni nani amejinyima kitu ili jirani yake apate neema ya kumgeukia Mungu. Kwa hiyo twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya padre mmoja Mfaransa. Jina lake wengi wetu twalijua, lakini kazi aliyoifanya katika miaka yake ya kwanza ya uparoko ni wachache wanaoitafakari. Huyo ni Mtakatifu Yohane Maria Vianney, Paroko wa Ars.

Jean-Marie Vianney, ambaye kwa lugha yetu twamwita Yohane Maria, alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon. Wazazi wake, Matthieu na Marie, walikuwa wakulima wenye watoto sita, naye alikuwa wa nne. Hawakuwa matajiri, lakini mlango wao haukufungwa mbele ya maskini. Babu yake alipata kumkaribisha mhujaji mwombaji aitwaye Benoît-Joseph Labre, ambaye baadaye Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu. Basi mtoto huyo alikua katika nyumba ambamo mgeni mwenye njaa alihesabiwa kuwa mtu wa jamaa.

Alikuwa na umri wa miaka mitatu Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza, mwaka 1789. Serikali mpya iliwadai mapadre kiapo ambacho wengi wao waliona hakipatani na utii wao kwa Baba Mtakatifu. Waliokataa walifukuzwa, wengine wakafungwa, wengine wakauawa. Misa ikawa jambo la kufanywa kwa siri, majumbani na maghalani. Yohane Maria aliungama mara ya kwanza mwaka 1797, nyumbani kwao, kwa padre aliyekuwa akijificha. Komunyo ya kwanza aliipokea mwaka 1799 huko Écully, katika nyumba iliyofungwa madirisha, na mbele ya madirisha hayo yakawekwa magari yenye shehena ya majani makavu, ili mtu wa nje asiuone mwanga wa mishumaa. Tangu utoto wake, basi, alifahamu kwamba imani ya mahali fulani yaweza kudumu kwa sababu watu wachache wamekubali kupata taabu kwa ajili ya wengine.

Njia yake ya kuufikia upadre ilikuwa ndefu. Elimu ya shule aliipata kidogo tu, kwani siku zake nyingi zilikwisha katika kuchunga na kulima. Alikuwa na miaka ishirini alipoanza masomo kwa Padre Charles Balley, paroko wa Écully, na Kilatini kilimshinda hata akakata tamaa. Mwaka 1806 alikwenda kwa miguu mpaka La Louvesc, penye kaburi la Mtakatifu Yohane Fransisko Regis, akiomba chakula njiani, ili apate neema ya kujifunza yaliyomtosha. Mwaka 1809 aliitwa katika jeshi la Napoleon. Akaugua, akaachwa nyuma na kikosi chake, akajikuta miongoni mwa watoro katika kijiji cha milimani kiitwacho Les Noës. Huko alijificha kwa jina lingine, akifundisha watoto, mpaka msamaha ulipotolewa mwaka 1810. Baadaye aliingia seminari kubwa ya Lyon, lakini akaondolewa kwa sababu hakuweza kufuata masomo kwa Kilatini. Ni Padre Balley aliyemfundisha upya nyumbani kwake na kumtetea mbele ya wakubwa, akisisitiza kwamba mtu huyu ana busara na uchaji wa kweli. Alipewa daraja takatifu ya upadre mjini Grenoble tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na miaka 29.

Padre Balley alimfundisha pia jambo lisiloandikwa katika vitabu vya shule. Alikuwa mtu wa kufunga na kusali, naye Yohane Maria, aliyefanywa msaidizi wake, akamfuata nyayo kwa nyayo. Yasimuliwa kwamba kila mmoja alimshitaki mwenzake kwa wakuu wa jimbo: paroko akisema msaidizi wake anajinyima kupita kiasi, na msaidizi akisema hivyo hivyo juu ya paroko wake. Mwalimu huyo alifariki mwezi wa Desemba 1817. Mwezi wa Februari 1818 mwanafunzi wake alitumwa Ars.

Yafaa tuelewe Ars ilikuwa mahali gani. Kilikuwa kijiji kidogo, kilometa 35 hivi kaskazini ya Lyon, chenye watu 230 tu. Hapakuwa na mtu aliyekitamani. Makamu wa Askofu alimwambia Vianney bila kuficha kwamba huko upendo wa Mungu ni haba, na kwamba kazi yake itakuwa kuupeleka. Watu wa Ars hawakuwa wabaya kuliko wengine, wala hawakuichukia dini. Walikuwa wamepoa. Miaka ya Mapinduzi ilikuwa imewaacha bila mafundisho, na watoto wengi hawakujua katekisimu. Jumapili wakati wa mavuno magari yalikwenda shambani kama siku nyingine. Palikuwa na vilabu vinne vya kuuzia mvinyo, na siku za sikukuu ngoma zilichezwa mpaka usiku wa manane. Baba aliyekuwa akinywa huko aliwaacha watoto wake bila mkate, na hilo ndilo lililomchoma sana paroko mpya.

Je, alianzia wapi? Twaomba wasomaji waangalie vema, maana hapa ndipo lilipo fundisho letu. Hakuanza kwa makaripio, ingawa baadaye alikaripia, tena kwa ukali. Alianza kwa magoti yake na kwa tumbo lake. Kabla ya mapambazuko alikuwa mbele ya Tabernakulo, na mara nyingi alikaa humo mpaka kengele ya Malaika wa Bwana ya jioni, hata watu waliomtafuta wakajua kwamba hawatamkuta penginepo. Vyombo vizuri alivyovikuta katika nyumba ya paroko alivirudisha kwa bibi mwenye kasri la kijiji, aliyekuwa amevitoa. Godoro lake aliwapa maskini, akalala sakafuni au juu ya mbao. Alichemsha chungu cha viazi vya kumtosha siku nyingi, akala kimoja au viwili kwa siku, vikiwa vimepoa, na siku za mwisho vikiwa vimeota kuvu. Zilikuwako siku ambazo hakula kitu. Na katika hayo yote sala yake ilikuwa moja: Mungu aiongoe parokia yake. Alimwambia Mungu kwamba yu tayari kuteswa maisha yake yote, mradi watu hao 230 wapate kuongoka.

Huenda msomaji akauliza: kufunga kwa mtu mmoja kwawezaje kumfaa mwingine? Mungu si mfanyabiashara wa kupimiwa njaa yetu katika mizani, wala hahitaji kusukumwa ili awe mwema. Lakini Maandiko yatuonyesha mara nyingi watu wakifunga kwa ajili ya taifa na mji. Malkia Esta aliwaomba Wayahudi wa Shushani wafunge pamoja naye, taifa lao lilipokuwa limehukumiwa kuangamizwa. Watu wa Ninawi walifunga, mkubwa kwa mdogo, waliposikia mahubiri ya Yona. Nabii Yoeli aliwaagiza makuhani walie kati ya ukumbi na altare kwa ajili ya watu wao. Nasi Wakristo twaamini kwamba tu viungo vya Mwili mmoja, na kwamba Kristo Bwana wetu, aliyefunga siku arobaini jangwani na kutolewa msalabani kwa ajili ya wote, hutujalia kushiriki kazi yake. Anayefunga kwa ajili ya jirani yake haongezi kitu juu ya msalaba. Ajiweka chini ya msalaba huo pamoja na jirani yake, na kumwombea kwa mwili na roho pia. Tena kufunga humbadili kwanza yule anayefunga. Si rahisi kumdharau mtu ambaye umelala njaa kwa ajili yake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Vianney. Alipotoka kanisani aliwaendea watu wake nyumbani, hasa saa za mchana jamaa zilipokuwa zimekusanyika mezani, akawauliza habari za mifugo na mavuno na wagonjwa kabla ya kuwauliza habari za roho. Mahubiri yake aliyaandika kwa taabu usiku katika sakristia na kuyakariri, na mara nyingine maneno yalimpotea mimbarini. Watoto aliwafundisha katekisimu. Yasimuliwa kwamba mwenye kilabu mmoja alimpa fedha ili aiache biashara yake na kushika ukulima. Vilabu vilifungwa kimoja baada ya kingine, na vingine vilivyojaribiwa kufunguliwa havikudumu.

Lakini isidhaniwe kwamba kijiji chote kilimshangilia. Wapo waliochukizwa naye. Walieneza uvumi mchafu juu ya mwenendo wake, wakasema weupe wa uso wake watoka katika uasherati, si katika kufunga. Usiku walibandika maneno ya matusi mlangoni pake. Msichana mmoja alipozaa nje ya ndoa karibu na nyumba ya paroko, walisema mtoto ni wake. Paroko huyo aliteseka sana, lakini hakulipiza kisasi, wala hakuacha kufunga kwa ajili ya hao hao waliomsingizia. Mwaka 1820 aliandikiwa kuhamia parokia nyingine; mto Saône ukafurika na kumzuia njiani, na wengi wa Ars wakaomba abaki. Akabaki.

Kufunga kwake hakukuwa kwa njaa tupu. Alichojinyima kilikwenda kwa mtu. Alipokutana na waombaji, alibadilishana nao: akawapa mkate mzuri aliopewa yeye, akachukua makombo yao makavu ya mkobani na kuyala. Mwaka 1824 alifungua shule ya wasichana isiyotoza ada, akaiita La Providence, yaani Maongozi ya Mungu. Akaikabidhi kwa wasichana wa kijiji hicho hicho, Catherine Lassagne na Benoîte Lardet. Baada ya miaka michache nyumba hiyo ilikuwa pia makao ya yatima, nao walifika mara nyingine kama sitini, wakilishwa kwa sadaka ambazo paroko alizitafuta kila mahali. Walioshuhudia walisimulia kwamba siku moja, nafaka ilipokwisha ghalani, paroko aliwasalisha watoto, na ghala likakutwa limejaa.

Mabadiliko ya Ars yalichukua miaka. Baada ya kama miaka kumi, Jumapili ilikuwa imerudi kuwa siku ya Bwana, ngoma za usiku zilikuwa zimekoma, na jioni kengele ilipolia jamaa ziliacha kazi na kuja kusali pamoja kanisani. Ndipo habari zikaenea. Watu walianza kufika kutoka vijiji vya jirani, kisha kutoka Ufaransa nzima, wakitaka kuungama kwake. Akakaa kitubioni saa nyingi za mchana na za usiku, hata kufikia saa kumi na sita katika siku za kiangazi. Wenye dhambi nzito aliwapa malipizi mepesi, na yaliyosalia akayatimiza mwenyewe kwa siri. Padre mmoja alipomlalamikia kwamba parokia yake imekufa ganzi licha ya juhudi zote, Vianney alitaka kujua kama pamoja na kuhubiri na kusali amefunga pia, na kama amekesha na kulala mahali pagumu. Kwani bila hayo, alimwambia, asiseme kwamba amekwisha kufanya yote.

Kwa kuwa twasimulia maisha ya kweli, hatutaficha yaliyokuwa na upungufu. Katika miaka ya kwanza alikuwa mkali kupita kiasi; aliwanyima maondoleo hata wale ambao kosa lao lilikuwa kucheza ngoma. Miaka ilivyopita alijifunza upole, hasa alipoyajua mafundisho ya Mtakatifu Alfonsi wa Liguori juu ya huruma katika kitubio. Kuhusu mifungo yake ya mwanzo, yeye mwenyewe alipozeeka aliihesabu kuwa ujinga wa ujana, akasema kwamba mtu asiifuate. Alikuwa ameuharibu mwili wake, na maumivu yake aliyachukua hadi kifo. Tena, kwa kujiona hastahili, mara tatu alijaribu kuikimbia parokia yake, mwaka 1840, 1843 na 1853, ili akalilie dhambi zake mahali pa upweke; na kila mara alirudi.

Mwezi wa Mei 1843 aliugua sana hata akapakwa mafuta ya wagonjwa. Hapo likatokea jambo ambalo twaliona kuwa tunda zuri kuliko yote ya uparoko wake. Watu wa Ars walilijaza kanisa. Wake kwa waume, watu wa kijiji kile kile kilichokuwa kimepoa miaka 25 iliyotangulia, walipiga magoti mbele ya altare, wakawasha mishumaa, wakamwombea paroko wao ili Mungu asimchukue. Mtu mmoja alikuwa ameanza kwa kukiombea kijiji, na sasa kijiji kilikuwa kimejifunza kumwombea mtu. Akapona, na tangu hapo alikubali kwa utii kula kiasi zaidi.

Aliendelea miaka mingine 16. Yakadiriwa kwamba mwaka wa mwisho wa maisha yake mahujaji waliofika Ars walikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Alifariki usiku wa tarehe 4 Agosti 1859, akiwa na miaka 73, katika kijiji hicho hicho alichokuwa amepewa kwa sababu hakikutakiwa na mtu. Papa Pius X alimtangaza mwenye heri mwaka 1905, na Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu tarehe 31 Mei 1925, kisha mwaka 1929 akamfanya msimamizi wa maparoko wa dunia nzima.

Basi, wasomaji wapenzi, maisha hayo yatuhusu nini? Tangu Papa Paulo VI alipoitengeneza upya sheria ya toba mwaka 1966, siku zinazotulazimu kufunga katika Kanisa zima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaihusisha lazima hiyo na waliotimiza miaka 18, mpaka mwanzo wa mwaka wao wa sitini. Mama Kanisa hakupunguza lazima ili tuache kufunga, bali alitaka tufunge kwa hiari na kwa upendo. Je, hiari hiyo twaitumiaje?

Twapendekeza kwa Kwaresima hii jambo moja lisilozidi nguvu za mtu. Kila jumuiya ndogo ndogo ichague siku moja ya juma, Ijumaa ikiwezekana, na wanaoweza waache mlo mmoja. Waufunge mfungo huo kwa nia iliyo wazi: kwa ajili ya yule jirani ambaye mshahara wake huishia kilabuni, kwa ajili ya nyumba isiyo na amani, kwa ajili ya vijana waliopotea. Wawaombee kwa majina katika sala yao ya siri, wala wasiyatangaze majina hayo mkutanoni, maana sala ikigeuka kuwa uvumi haina faida. Thamani ya chakula kisicholiwa iwekwe pamoja na kupelekwa kwa mjane au mgonjwa wa mtaa ule ule. Na atakayepeleka aketi kidogo na kuzungumza naye, kama paroko wa Ars alivyofanya.

Wagonjwa, wazee waliodhoofu, akina mama wajawazito na wanaonyonyesha, watoto, na wale ambao njaa ni chakula chao cha kila siku, hao wasijaribu viazi vya Vianney. Yeye mwenyewe asingewaruhusu. Wao watoe sala, uvumilivu, na ulimi uliozuiwa usiseme mabaya. Na yeyote atakaye kufanya zaidi ya kawaida amwulize kwanza padre wake katika kitubio.

Twajua kwamba Kwaresima moja haitakibadili kijiji. Hata Ars ilichukua miaka mingi. Lakini Pasaka itakapofika, na tukutane tena kujadili hali ya mtaa wetu, kila mmoja wetu ajiulize, kabla ya kulitaja kosa la jirani yake, ni Ijumaa ngapi alifunga kwa ajili yake. Mtakatifu Yohane Maria Vianney atuombee sisi sote, na kwa namna ya pekee awaombee maparoko wa jimbo letu.